Si miaka inayomgeuza mtu kisiasa, ni kile anachokilinda

Vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira wanalijua jibu moja la wakubwa wao. Kijana akiuliza pesa za barabara zilikwenda wapi, au akisema kwamba mbunge aliyehamia kambi ya wenye madaraka amewauza waliompigia kura, baba mdogo au mjomba anatabasamu, anatikisa kichwa na kusema: «Hata sisi tulikuwa hivyo hivyo. Utakua, utaelewa.» Mazungumzo yanaishia hapo. Kijana ananyamaza kwa heshima, maana kwetu mtu habishani na mkubwa wake mbele ya watu.

Jibu hilo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna imani nzima kuhusu siasa. Linasema kwamba hamu ya kutaka mabadiliko ni ugonjwa wa ujana, kama chunusi za usoni, na kwamba utapona wenyewe miaka ikipita. Ukioa, ukijenga, ukipeleka watoto shuleni, utatulia. Utaanza kusema kama wazee wanavyosema: tungoje, tusimsumbue mkubwa, Mungu yupo.

Imani hiyo inawapendeza sana walio na kiti. Kama ni ya kweli, hakuna anayelazimika kueleza kwa nini aligeuka. Alizeeka tu, kama sisi sote. Ndiyo sababu inafaa tuiangalie kwa makini: je, binadamu kwa maumbile yake anakuwa mhafidhina kadiri anavyozeeka?

Kwa neno «mhafidhina» sisemi mtu mbaya. Mhafidhina ni yule anayependa mambo yabaki yalivyo, au yabadilike polepole, kwa kuogopa kwamba haraka italeta hasara. Katika nchi zenye vyama vya kulia na vya kushoto, mtu kama huyo ana chama chake na anajulikana. Kwetu Kongo, ambako chama kinaweza kuzaliwa leo na kesho kikajiunga na wenye madaraka, tunamtambua kwa maneno yake na kwa mahali anapokula.

Usemi wa Ulaya na ukweli wa mambo

Huko Ulaya kuna usemi wa zamani juu ya jambo hili. Kwa ufupi unasema kwamba asiyekuwa msoshalisti akiwa na miaka 20 hana moyo, na aliyebaki msoshalisti akiwa na miaka 40 hana akili. Wengi wanadai ni maneno ya Winston Churchill, wengine wanawataja Wafaransa Guizot na Clemenceau. Hakuna ushahidi kwamba Churchill aliyasema, na maisha yake yenyewe hayafanani nayo. Aliingia bunge la Uingereza mwaka 1900, akiwa na miaka 25, upande wa chama cha wahafidhina. Mwaka 1904 akahamia kwa waliberali, na katika miaka ya 1920 akarudi alikotoka.

William Gladstone naye alitembea kinyume kabisa cha usemi huo. Alipoingia bungeni mwishoni mwa 1832, akiwa kijana wa miaka kama 23, alikuwa mhafidhina wa kweli, na hotuba zake za kwanza zilitetea masilahi ya wenye watumwa, kwani baba yake alikuwa mmoja wao. Miaka 60 baadaye, mwaka 1892, alikuwa waziri mkuu kwa mara ya nne, akiwa na miaka 82, na alikuwa akipigania watu wa Ireland wapate bunge lao wenyewe. Kijana alitetea minyororo, na mzee yule yule akataka kuilegeza.

Lakini watu wawili hawatoshi kujibu swali. Watafiti wa Marekani wamelifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 2020, Johnathan Peterson, Kevin Smith na John Hibbing walichapisha uchunguzi uliotumia majibu ya watu waliohojiwa mara ya kwanza mwaka 1965, walipokuwa wakimaliza shule ya sekondari, kisha wakahojiwa tena hadi mwaka 1997. Waliona kwamba wengi hawakusogea sana. Mtu alivyokuwa kijana ndivyo alivyobaki, kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, tuseme ukweli wote: kati ya wale waliogeuka, walioelekea kwenye uhafidhina walikuwa wengi kuliko walioelekea upande wa pili. Mjomba wetu basi hana makosa yote. Kosa lake ni kuchukua mwendo wa wachache na kuufanya kuwa sheria ya maumbile.

Kabla ya hapo, mwanasaikolojia Theodore Newcomb aliwachunguza wasichana wa chuo cha Bennington, huko huko Marekani, katika miaka ya 1930. Wengi walitoka katika familia za kitajiri na za kihafidhina. Pale chuoni, wakati nchi ilikuwa katika njaa na ukosefu wa kazi, mawazo yao yaligeuka, wakaanza kuunga mkono mabadiliko ya Rais Roosevelt. Alipowatafuta tena katika miaka ya 1960, na walipotafutwa tena katika miaka ya 1980 wakiwa bibi wazee, wengi walikuwa bado wanashika msimamo ule ule wa ujana wao. Ndoa, nyumba na wajukuu havikuufuta.

Mfano wa mwisho wa ng'ambo ni wa juzi tu. Shirika la uchunguzi wa maoni la YouGov lilitafuta umri ambao Mwingereza, akiufikia, anakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchagua chama cha wahafidhina kuliko chama cha Labour. Katika uchaguzi wa 2019, umri huo ulikuwa miaka 39. Katika uchaguzi wa 2024 ulikuwa miaka 63. Kati ya chaguzi hizo mbili, kila Mwingereza alizeeka karibu miaka 5, lakini mpaka ule ulipanda miaka 24. Kama umri ndio ungekuwa unawaongoza watu, hilo lisingewezekana. Kilichobadilika ni maisha: chama kilikuwa kimepoteza imani ya watu, na watu wengi waliofika miaka 40 walikuwa bado wanalipa kodi ya nyumba za wengine. Ni vigumu mtu kuwa mhafidhina kama hana kitu cha kuhifadhi.

Vijana wetu waliolinda viti

Turudi nyumbani, maana historia yetu inajibu swali hili vizuri kuliko ya Waingereza.

Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu akiwa na miaka 34. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 14 Septemba, mkuu wa jeshi, kanali Joseph-Désiré Mobutu, alitangaza kwamba amemweka kando Lumumba pamoja na Rais Kasavubu. Mobutu alikuwa na miaka 29. Yaani aliyesimamisha mabadiliko alikuwa mdogo kwa yule aliyeyataka. Na mahali pa serikali aliweka baraza la makamishna lililojazwa vijana waliotoka chuo kikuu, wengine wakiwa bado wanafunzi. Huenda nchi yetu haijapata tena serikali changa na yenye masomo kama ile. Haikusimama upande wa mabadiliko.

Lumumba mwenyewe hakuanza akiwa mkali. Kitabu alichokiandika kati ya 1956 na 1957, kilichotoka baada ya kifo chake, kilikuwa bado kinaamini kwamba Wakongomani na Wabelgiji wanaweza kujenga pamoja nyumba moja. Ni baadaye, hasa baada ya mkutano wa Waafrika huko Accra mnamo Desemba 1958, ndipo alidai uhuru bila kungoja. Miaka ilimwongezea moto.

Mobutu alichukua madaraka yote tarehe 24 Novemba 1965, akiwa na miaka 35. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walipoandamana Kinshasa, askari waliwafyatulia risasi. Rais aliyekuwa madarakani siku ile hakuwa mzee aliyechoka. Alikuwa mtu wa miaka 38. Na miaka yote ya chama kimoja, sauti kubwa zaidi za kumsifu kwa nyimbo na ngoma zilitoka katika tawi la vijana la chama chake, JMPR. Kama ujana ungekuwa dawa ya uhafidhina, nchi yetu ingekuwa imepona zamani.

Wakaaji wa Fizi wanakumbuka hadithi nyingine. Mwaka 1965, Laurent-Désiré Kabila alikuwa kijana wa waasi katika milima yao, wakati Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kuja kuwasaidia. Mwaka 1997 aliingia Kinshasa akiwa na miaka 57, na siku chache tu baada ya kushika nchi alisimamisha shughuli za vyama vya siasa. Mtu anaweza kusema: tazama, uzee umemgeuza. Lakini mtoto wake Joseph alirithi kiti Januari 2001 akiwa na miaka 29. Muhula wake wa mwisho ulipokwisha Desemba 2016, hakuondoka. Nchi ilingoja uchaguzi miaka miwili zaidi, na alipotoka, Januari 2019, alikuwa na miaka 47. Mmoja aliingia akiwa mzee na mwingine akiwa kijana, na wote wawili walikilinda kiti kile kile. Kilichowafananisha si umri wao.

Wazee waliokataa kunyamaza

Upande wa pili pia una watu wake. Étienne Tshisekedi alikuwa na miaka 27 alipoingia katika lile baraza la makamishna la Mobutu la mwaka 1960. Baada ya mapinduzi ya 1965 alikuwa waziri wa mambo ya ndani, na mwaka 1967 alikuwa mmoja wa walioandika Manifesto ya N'Sele, hati iliyoanzisha chama cha MPR. Huo ndio ulikuwa ujana wake: ndani ya utawala, karibu na mkubwa. Mwaka 1980, akiwa na miaka 47, alikuwa kati ya wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya wazi kumwambia makosa yake. Alifungwa, akapelekwa kwa nguvu kijijini kwao, akarudi, akafungwa tena. Tarehe 31 Julai 2016, akiwa na miaka 83, alisimama mbele ya umati mkubwa Kinshasa kudai uchaguzi ufanyike kwa wakati wake. Ukiyatazama maisha yake yote, utaona alianza kama mhafidhina na akazeeka kama mpinzani.

Watu wa Bukavu hawahitaji kwenda mbali. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926. Vita vilipokaribia mji katika Oktoba 1996, alikuwa na miaka karibu 70, umri ambao mtu ana haki ya kupumzika. Hakuutoroka mji, hakuacha kusema kwa ajili ya wakaaji na wakimbizi, na aliuawa tarehe 29 ya mwezi ule. Hakuna aliyewahi kusema kwamba alikosa akili za wazee.

Tena tukumbuke maandamano ya tarehe 31 Desemba 2017, yaliyoitishwa na kamati ya walei wa Kanisa Katoliki. Watu walitoka misa wakishika Biblia na rozari, wakapokelewa na gesi ya machozi na risasi. Mmoja wa viongozi wa kamati ile alikuwa profesa Isidore Ndaywel, mwanahistoria aliyezaliwa mwaka 1944. Siku mbili baadaye, kadinali Laurent Monsengwo, mwenye miaka 78, aliwaambia watawala hadharani kwamba wasiofaa waondoke. Wazee hao walisimama upande mmoja na vijana wa LUCHA, shirika lililozaliwa Goma mwaka 2012, na kumbuka kwamba vijana wengi wa nchi, wakati ule ule, walikuwa wanavaa fulana za chama cha wenye madaraka kwa sababu fulana ile ilikuja na chakula cha siku.

Siku 52

Kama bado kuna mtu anayeamini kwamba umri ndio unaowageuza wanasiasa wetu, nitampa hesabu moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kambi ya FCC ya Joseph Kabila ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Tarehe 6 Desemba 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba anatafuta wingi mpya bungeni, nao ukaitwa Union sacrée. Tarehe 27 Januari 2021, waziri mkuu Sylvestre Ilunga, mtu wa FCC, aliangushwa kwa kura 367.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 52. Katika siku 52 hakuna mtu anayezeeka. Nywele hazipati mvi, na mtoto mchanga bado hajaketi. Lakini watu waliokula kiapo cha utii upande mmoja waligundua ghafula kwamba moyo wao uko upande mwingine, wakubwa kwa wadogo, wabunge wa mara ya tatu pamoja na wale waliokuwa wamefika juzi. Hapo ndipo unaona kwamba «nimekomaa kisiasa» ni jina la heshima tulilolipatia jambo jingine. Sisi wenyewe tunalijua jina lake la kweli: siasa ya tumbo.

Basi ni nini kinachomgeuza mtu?

Sitaki kusema kwamba miaka haifanyi kazi yoyote. Inafanya, lakini si kwa njia ya damu wala ubongo. Miaka inamletea mtu vitu vya kulinda: kiwanja, nyumba, mshahara, jina, watoto. Aliye navyo anapiga hesabu kabla ya kufungua kinywa. Katika nchi ambako kila kitu kinapitia mikononi mwa mkubwa fulani, kuanzia hati ya kiwanja mpaka kazi ya mtoto aliyemaliza masomo, hesabu hiyo ni kali zaidi. Anayepinga leo, kesho faili yake inapotea.

Tazama mwalimu wa serikali. Umri wa kustaafu umepita zamani, lakini bado anashika chaki, kwa kuwa akiondoka bila malipo ya kustaafu, atakula nini? Mtu huyo hatamsema mkurugenzi wala waziri, na vijana watasema kwamba ni mwoga kwa sababu ni mzee. Hapana. Ni mwoga kwa sababu anategemea. Mpe haki yake ya kustaafu, uone kama hatasema. Wazee wengi niliowataja hapo juu walikuwa na kitu kimoja ambacho mwalimu huyu hana: mahali pa kusimama ambapo mkubwa hakuweza kupachukua kwa urahisi. Mmoja alikuwa na Kanisa, mwingine alikuwa na chama chake na watu waliomwamini.

Tena kuna uchovu, na huku mashariki huo tunaujua kuliko wote. Mama aliyekimbia na watoto mgongoni mwaka 1996, akakimbia tena 1998, akakimbia Goma ilipoanguka Novemba 2012, na kuona tena mji huo ukishikwa na M23 Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, mama huyo anataka usiku mmoja wa usingizi. Ukimwambia habari za mabadiliko, anakuuliza kama mabadiliko hayo yatakuja na bunduki. Na usifikiri kwamba swali hilo ni la wazee tu. Binti wa miaka 22 aliyelala chini ya hema ya wakimbizi anauliza vile vile. Vita vinaweza kumfanya mtu wa miaka 20 aogope kila jambo jipya, hata kabla hajapata chochote cha kurithisha. Hiyo si hekima ya uzee, ni jeraha, na jeraha halina umri.

Pia kuna alama ya wakati mtu alipokuwa kijana. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Mkutano Mkuu wa Kitaifa wa 1991 na 1992 sasa wamepita 50. Wengi wao bado wanaamini kwamba Wakongomani wanaweza kuketi pamoja na kuambiana ukweli, kwa kuwa walisikia jambo hilo kwa masikio yao kwenye redio. Waliokuwa kadogo mwaka 1996 wanabeba kitu kingine. Waliotoka barabarani Januari 2015, wakati serikali ilipotaka kuufunga uchaguzi kwenye sensa ya watu, wanabeba kingine tena, maana waliona kipengele kile kikiondolewa kwenye sheria baada ya watu kukataa. Alama kama hizo hazifutiki kirahisi, kama wale wasichana wa Bennington wanavyoonyesha. Unapomwona mzee mwenye msimamo fulani, usiulize tu ana miaka mingapi. Uliza alikuwa wapi alipokuwa na miaka 20.

Nani mhafidhina katika habari ya Katiba?

Yote haya yanaonekana wazi katika mjadala wa Katiba. Tarehe 23 Oktoba 2024, huko Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba kutaundwa tume ya kufikiria katiba inayoifaa Kongo. Wanaomuunga mkono wanasema kwamba Katiba ya 18 Februari 2006 imezeeka na kwamba nchi inahitaji kitu kipya. Wapinzani wanaogopa kwamba kinacholengwa ni idadi na urefu wa mihula ya rais, mambo ambayo kifungu cha 220 kinakataza kuguswa.

Angalia jinsi nafasi zilivyogeuka. Wanaosema «tubadilishe» ni watu walioketi katika ofisi, magari ya serikali yakiwangojea nje. Wanaosema «tusiguse», na hilo ndilo neno la mhafidhina, wengi ni vijana wasio na kazi. Mwaka 2015 chama cha UDPS kilikuwa barabarani pamoja na vijana hao, kikipinga hila za kurefusha utawala. Leo UDPS kiko madarakani, na baadhi ya watu wake wanaimba wimbo wa mabadiliko ya Katiba. Kwa umri, tofauti ni miaka kumi tu. Kwa kiti, tofauti ni ya mbingu na nchi.

Hapa neno «mhafidhina» peke yake halitusaidii tena. Mtu anaweza kuhifadhi kitu chema: sheria inayomzuia mtu mmoja kuimeza nchi, ardhi ya ukoo isiuzwe kwa siri, amani ya kijiji. Anaweza pia kuhifadhi mfuko wake. Na mtu anaweza kudai mabadiliko kwa ajili ya wote, au kuyadai ili yeye asiondoke. Swali linalofaa ni lile lile kwa kijana na kwa mzee: unalinda nini, na nani anakulipa ili ukilinde?

Tufanye nini na jambo hili?

Zaidi ya nusu ya Wakongomani hawajafika miaka 20. Kwa hiyo kila chama kinaimba wimbo wa vijana, na kila kijana anayegombea anatuambia tumchague kwa sababu ya umri wake. Tusikubali upesi. Mobutu alikuwa kijana, na Joseph Kabila pia alikuwa kijana. Mgombea wa miaka 30 anayelishwa na mkubwa yule yule atamlinda mkubwa yule yule, tena kwa nguvu nyingi zaidi kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake ya kula. Kabla ya kumpa kura, tumuulize pesa za kampeni zimetoka kwa nani, na kama kesho atapoteza kiti ataishi kwa kazi gani.

Kwa wazee, nina ombi moja, na ninalitoa kwa heshima. Mnapowaambia watoto wenu «utakua, utaelewa», wamalizieni sentensi. Ataelewa nini? Kama mlinyamaza kwa kuogopa kupoteza mshahara, semeni hivyo, nao watawaelewa. Hakuna mtoto wa Kongo asiyejua thamani ya mshahara wa baba. Kama mlijifunza kwamba haraka ilileta damu, waelezeni mwaka gani, mahali gani, na nani alikufa. Hiyo ndiyo hekima tunayoihitaji kwenu. Lakini msiwafundishe kwamba kunyamaza ni sehemu ya kuzeeka, kama mvi na maumivu ya magoti. Mkisema hivyo mnawapa ruhusa ya kuuza sauti yao mapema, kwa maana wanajiambia: kama nitageuka tu siku moja, kwa nini nisigeuke leo, wakati bei ingali nzuri?

Na kwa vijana: mkubwa wenu anayenyamaza si adui yenu. Mara nyingi ni mtu aliyefungwa na kamba ambayo ninyi bado hamjafungwa nayo. Anayetaka mzee aseme, ampiganie haki yake ya kustaafu. Anayetaka mbunge asihame, amkumbuke kwa jina siku ya kura, wala asiseme tu kwamba wanasiasa wote ndivyo walivyo. Na kila mmoja ajitafutie mapema mahali pa kusimama, kazi ya mikono yake, shamba, duka au ujuzi, ili siku mkubwa atakapomwita mezani aweze kukataa na bado watoto wake wale jioni ile.

Miaka itakuja kwetu sote. Kama itatukuta na kitu cha haki cha kulinda, tutakilinda hata tukiwa na fimbo mkononi, kama Munzihirwa na Monsengwo. Kama itatukuta na bahasha tu, tutailinda bahasha, hata tukiwa na miaka 29.